Mwaka wa Kuni Mbichi

Tulipomaliza kumzika Mwanaidi, sisi wanawake tulirudi kukaa kwa binti yake Langley Park, kwenye ile fleti ambayo hita yake haizimiki, kwa hiyo watu wanalia na kutoka jasho kwa pamoja, hujui yapi ni machozi. Mimi nikawekwa kwenye kochi karibu na sinia la mahamri, kwa sababu siku hizi nikiingia mahali kila mtu anasema mpisheni bibi, mpisheni bibi, utadhani nimebeba mayai. Wajukuu wa Mwanaidi wananisikia Kiswahili chote, lakini kunijibu ni Kizungu cha puani. Mmoja wao akaniuliza nilijuana vipi na nyanya yake. Nikamwambia tulijuana kwenye kuni. Akamtazama mamake, mamake akamtazama, kisha nikaletewa maji ya kunywa polepole. Wamefikiri nimeanza kupotea. Sijapotea. Tulijuana kwenye kuni kweli, hapa hapa Marekani, nyuma ya Rockville, miaka ya tisini ikiwa inaisha, wakati watu wote wanasema kompyuta zitakufa na ndege zitaanguka. Mambo ya kwetu, nani alinizaa na tulikuwa na mbuzi wangapi, sitayataja, yana wenyewe. Nautaka mwaka ule mmoja tu, kwa sababu tulioubeba tulikuwa wawili, na sasa nimebaki nao peke yangu.

Nilikuwa mwanamke mzima, mgongo bado haujanijua, lakini kwa Marekani nilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kitu, na mtoto wa mwaka mmoja hachagui kazi. Mama mmoja wa kanisani akanipeleka kwa mzee aliyetaka mtu wa kulala naye nyumba moja, amwogeshe, ampikie, amshike asianguke. Mista Earl. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, pale maduka yanapoisha na farasi wanapoanza. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala baada ya kupigwa na kile kiharusi, na mdomo nao ulilala upande huo, kwa hiyo maneno yalitokea upande wa pili, moja moja, kama watu wanaotoka kanisani. Kiingereza changu kilikuwa cha yes na no na sori, lakini mimi sauti nazishika haraka kuliko maneno. Wiki ya kwanza tayari nilikuwa naweza kumwigiza mpaka mwenyewe akacheka na kumwaga chai. Jikoni ndiko tulikoishi. Kulikuwa na meza, viti vitatu, na jiko la chuma, jeusi, kubwa kama ng'ombe aliyelala, bomba lake linapanda mpaka nje ya paa. Hilo jiko ndilo lililotia joto nyumba nzima. Mashine ya mafuta iliyokuwa chini ya nyumba ilikufa zamani, na mzee akaita watu waje kuibeba, akafurahi kama mtu aliyefukuza mpangaji mbaya. Hita za umeme hazikuwezekana, nyaya zilikuwa za zamani, ukichomeka moja nyumba yote inaingia giza. Kwa hiyo ni kuni. Mimi nimevuka bahari, nimepanda ndege mbili, nimekuja Marekani kuwasha kuni.

Bintiye aliitwa Joanne, alikaa ng'ambo ya mto, Virginia, akifanya kazi ya ofisini. Alizungumza kama mtu ambaye gari lake limeachwa linanguruma nje: sawa, sawa, kwa hiyo, sawa. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo mapema. Siku moja mwezi wa Machi nilikuwa naosha vyombo, wao wamekaa mezani nyuma yangu, na watu hawa wana tabia ya kusema mambo mazito mbele ya mtu anayeosha vyombo. Joanne alitaka kumpeleka mahali pa wazee. Mzee akasema anataka kufa kwenye nyumba hii, karibu na jiko hili. Wakavutana weee, mpaka Joanne akachoka akamwambia, "Sawa, baba. Utakaa. Lakini siku nikija nikute nyumba hii baridi, sitakuuliza mara ya pili." Mzee akanyoosha mkono wake mzima, wakapeana mikono kama watu waliouziana punda. Mimi nikaendelea kusugua sufuria. Sikujua kwamba wameniweka mimi katikati ya ile mikono.

Kwa sababu nani atachanja kuni? Mzee mkono mmoja. Zilikuwepo zake za zamani, safu moja nyuma ya nyumba, alizozichanja akiwa na mikono miwili, kavu kabisa, lakini hizo akasema zitafika Krismasi tu. Za baada ya Krismasi lazima zichanjwe sasa hivi. Nikasema, sasa hivi, Machi? Kwetu Taita kuni ni za leo. Unaingia msituni asubuhi, unaokota matawi yaliyojifia yenyewe, unafunga mzigo, unashuka nao mgongoni, jioni umepika. Mtu akionekana ana kuni za wiki nzima, majirani wanauliza kuna arusi au kuna matanga. Mzee akanieleza kwa lile neno moja moja lake. Mti, hata ukishaukata, bado umejaa maji. Ukiutia motoni na maji yake, moto unafanya kazi ya kuchemsha maji, wewe unabaki na moshi. Mti wa mwaloni unataka viangazi viwili. Lakini huu aliopata mwaka huo, unaitwa eshi, huu una haraka, kiangazi kimoja kinautosha, ukipangwa vizuri. Zilazwe juu ya fito zisiguse ardhi, safu moja nyembamba, bati juu kuzuia mvua, na mbavu ziachwe wazi upepo upite. Mbavu wazi, akasema, akajipiga ubavuni. Nilimwigizia Mwanaidi hilo neno mpaka likawa salamu yetu.

Magogo yaliletwa na Papa Mukendi, Mkongo wa Lubumbashi, aliyefanya kazi na watu wanaoangusha miti mibovu kwenye mitaa ya matajiri. Mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kukata miti. Alikuwa akija Jumapili baada ya misa, anakata vipande kwa msumeno wa petroli, mimi nachanja, mzee amekaa kwenye kiti mlangoni na blanketi magotini, ametuelekezea fimbo kama mwalimu wa kwaya. Shoka lenyewe lilikuwa zito kama nyundo. Mara ya kwanza lilinirudi likanikosa mguu kidogo sana, na mzee akafunga macho. Baadaye nikajua. Ukuni wa eshi ukiupata sawa unafunguka wenyewe, paa, mweupe ndani kama muhogo. Papa Mukendi alikuwa ananisifu kwa Kiswahili chao: "Mama Mghoi, weye uko na nguvu ya bwanaume, banakwogopa kweli." Nikamwambia mume wangu angekuwa hapa ungemuuliza.

Mwanaidi yeye ndiye aliyekuja kunipumzisha mwisho wa wiki. Mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, buibui na kiatu cha kisigino kwenye matope. Siku ya kwanza kabisa akasimama mbele ya ile safu mpya, akashika kiuno, akaniuliza, "Shoga, hizi zote mwapika nini, ngamia?" Nikamweleza kwamba hizi si za kupika, ni za kuotea, na si za leo, ni za mwakani. Akanitazama akamtazama mzee, akasema nyinyi wote wawili mwaumwa. Lakini alimpenda mzee. Mzee alikula maharage na ile nyama ya nguruwe ya kukaanga, Mwanaidi akaleta kikaango chake na kufuli, kufuli kweli, akakifungia kabatini. Ijumaa alimpikia wali wa nazi juu ya lile jiko la chuma, na mzee akala akafuta sahani kwa mkate. Tulikula watatu, mimi naigiza Joanne, Mwanaidi anamwigiza mzee anavyosema mbavu wazi, mzee anajaribu kumwigiza Mwanaidi na nusu ya mdomo. Naikumbuka ile miezi na naona jinsi tulivyokuwa wajinga wa raha. Kuni zilikuwa nje zinakauka, zimeanza kupasuka vichwani, ngozi imeanza kuachia. Kila kitu kilikuwa kinaenda kwa wakati wake.

Mwisho wa Julai mzee akaanguka bafuni, nyonga. Hospitali, kisha kule wanakofundishwa kutembea tena. Nikawa naye huko kila siku, nalala kwa Mwanaidi Langley Park, nyumba ya mbao ikafungwa. Mwaka huo mvua za mwisho wa kiangazi zilikuwa za hasira. Papa Mukendi alikuwa akipita huko na kazi zake, akaona kuni za mzee zinapigwa na mvua ubavuni, hakuna mtu, akaumia moyo. Huyu ni mtu ambaye mama yake alimlea kwa kuuza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara. Kwao mvua ikigusa makala, siku hiyo hamli. Kwa hiyo akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Akanunua kwa mfuko wake nailoni nyeusi ile nene ya wajenzi, akazifunika kuni zote, juu, mbavu, mpaka chini, akafunga kamba, akapanga mawe kuzunguka. Hakuniambia. Alitaka iwe zawadi ya mgonjwa.

Oktoba tukamrudisha mzee. Papa Mukendi alikuwa ametutangulia, amesimama kando ya ule mlima mweusi na shati lake la pasi, anatabasamu. Akasema, "Niliweka bashi, Papa Earl. Hata tone moja ya mvua haikuingia." Bashi ni turubai kwao. Nikamtafsiria mzee. Mzee alikuwa bado ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje. Akaiangalia ile nailoni muda mrefu. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, nikaona uso wake wote, hata ule upande uliolala, umekuwa mzee. Kisha akanyoosha mkono akamwambia Papa Mukendi asante, amefunga kwa nguvu sana, na kamba ni nzuri. Ndiyo maneno aliyosema. Papa Mukendi akanywa chai, akaenda zake amefurahi. Ndipo mzee akaniambia, kafungue.

Nilipokata kamba na kuivuta ile nailoni, ilitoka hewa ya joto kama ya sufuria ya mihogo iliyosahauliwa. Kuni zilikuwa zinatoka jasho. Ukungu mweupe umezivaa kama pamba, na kila ukuni niliogusa ulikuwa mzito kama siku nilipouchanja. Kweli hakuna tone lililoingia. Hakuna lililotoka pia. Yale maji yote ya mti yalipanda yakakuta nailoni, yakarudi. Mwanaidi alikuja Jumamosi akaziona, akasema nyinyi mwazifunika kuni blanketi, zaumwa homa? Halafu akaona sicheki. Nikamweleza, na yeye akavua kiatu cha kisigino, akaanza kunisaidia kuzipanga upya kwenye jua, buibui limekunjwa kiunoni. Lakini jua la Oktoba la huku ni la kupigia picha, halikaushi hata kitambaa cha vyombo. Papa Mukendi naye alikuja Jumapili akakuta nailoni imekunjwa pembeni. Mzee alikuwa amenikataza kumwambia. Haikuhitaji kuambiwa. Alishika ukuni mmoja, akaurudisha pale pale, akakaa juu ya kisiki. Akasema neno la kwao, sikulielewa, kisha akasema mama yangu hakunifundisha hii.

Sasa hebu fikirieni kukaa na jambo kama hilo kuanzia Oktoba. Si kama ajali inayokuja na kupita. Unajua leo kwamba Januari utapata baridi, na huna la kufanya, kwa sababu kitu pekee kinachokausha kuni ni kiangazi, na kiangazi hakinunuliki. Tulijaribu kununua kuni. Mtu mmoja wa barabarani akatuapia zake ni kavu. Zilikuwa kavu kama samaki aliye mtoni. Tulizipanga mbichi kuzunguka jiko, zikalia maji sakafuni, dirisha lote likatoka jasho. Papa Mukendi akawa analeta vipande vya mbao kutoka kazini, kila Jumapili, shati sasa halina pasi. Nikawa nachanganya, kavu mbili, mbichi moja, na mbichi ile ikitiwa motoni ilikuwa inapiga mluzi na kutoa povu vichwani, na moshi mweusi unapanda ndani ya bomba. Kila asubuhi mzee aliniuliza safu ya kavu imefika wapi. Nikamwambia iko, mzee, iko. Alikuwa anaiona dirishani. Joanne alikuja mara mbili kabla ya Krismasi akakuta joto, kwa sababu siku akija tulichoma kavu tupu, kama watu wanaopika nyama mgeni akiwa njiani. Akaondoka anasema sawa, sawa. Na safu ikapungua tena.

Januari ikanyesha mvua iliyogeuka barafu ikigusa kitu. Miti ikavaa vioo, ikaanza kuvunjika, unasikia pande zote kama bunduki. Umeme ukaenda. Barabara ya kuingia kwetu ikalaliwa na mti mkubwa. Mwanaidi alikuwa amekuja kunipokea, sasa hawezi kutoka, tukawa watatu jikoni na jiko la chuma, na safu ya kavu ilikuwa imebaki maganda. Zile mbao za Papa Mukendi zilikuwa nje zimegandamana na barafu, nikazipiga kwa shoka, barafu ikaruka, mbao ikakataa. Tukatia mbichi. Moshi ukarudi ndani. Ukifungua mlango moshi utoke, joto linatoka nalo, ukifunga mnakohoa. Tulimvalisha mzee kila kitu, hata buibui la pili la Mwanaidi, na siku hiyo ya kwanza tulimcheka, akacheka. Siku iliyofuata hakuna aliyecheka. Mwanaidi alikuwa amempakata miguu yake, anaisugua, anasoma dua kimya kimya. Mimi nilipiga magoti mbele ya lile jiko napuliza, mimi niliyewasha moto tangu sijaota meno ya pili, napuliza nalia, na kuni zinanipigia mluzi.

Joanne alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, ameuruka ule mti. Aliingia, akasimama. Hakusema sawa. Mzee alikuwa amenikazia macho, na nilijua anachotaka. Joanne akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Mghoi, niambie wewe. Humu ndani kuna joto?" Nilitaka kusema. Wallahi, kama anavyosema Mwanaidi, nilikuwa na neno lile tayari. Lakini mvuke ulikuwa unatutoka midomoni wote wanne, na nikifungua kinywa kusema joto, mvuke wangu ungesema baridi. Nikafunga kinywa. Joanne akamshika baba yake mkono, ule mzima, akaanza kulia kabla hajauachia. Mzee akamwambia, "Ni eshi. Inataka kiangazi kimoja tu." Huko nje tukasikia msumeno. Papa Mukendi alikuwa ameleta mzigo wa mbao kavu kabisa, sijui alizitoa wapi, na alikuwa anaukata ule mti ili atufikie. Aliukata mpaka njia ikafunguka. Na kwa njia hiyo aliyoifungua gari likaja, likamchukua mzee.

Mahali pale pa wazee, Rockville, palikuwa pasafi, sina la kusema. Joto lilitoka kwenye tundu ukutani. Mzee aliuliza nani analitia kuni, wakaandika kwamba amechanganyikiwa. Mimi nikapata kazi nyingine Greenbelt, Mwanaidi naye kwingine, lakini Jumapili tulipanda mabasi mawili kwenda kumwona, anatuuliza zile kuni zinaendeleaje. Tunamwambia ziko. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa. Joanne alisema atamwambia mwenyewe, na mimi sikumlaumu, mdomo ni wa mtu.

Agosti walionunua nyumba wakamwita Papa Mukendi aondoe zile kuni, wanaingiza gesi. Akanipigia simu, sauti imemkauka. Akasema, "Mama, zimekauka. Zote. Nifanye namna gani?" Nilimwambia aniletee mmoja. Nikauweka kwenye mkoba, kichwa kinatokeza, watu wa basi wananitazama. Mwanaidi akasema leo tutafungwa. Tulimkuta mzee dirishani, anaangalia magari yaliyoegeshwa. Nikaushika ule ukuni nikamlazia mkononi, ule mzima. Mkono uliteremka kidogo kwa kuzoea uzito, kisha ukapanda wenyewe, kwa vile ukuni ulikuwa mwepesi. Akaunusa. Akapitisha kidole kwenye nyufa za kichwani, polepole, hakuruka hata moja. Ule upande wa uso unaofanya kazi ukafanya kazi vile sijauona ukifanya tangu mwaka uliopita.

"Ziko tayari," akasema. "Niletee koti."

Nilimtazama Mwanaidi. Nyumba imeshauzwa, na Joanne alikuwa bado hajamwambia. Mwanaidi akaenda kabatini, akalitoa koti. Nilidhani atalirudisha, lakini akaja nalo, akaanza na mkono uliolala, kama unavyotakiwa kumvalisha mtu wa kiharusi, mimi nikamalizia na mkono wa pili. Tukamfunga vifungo vyote, Agosti, mpaka shingoni. Akakaa ameshika ukuni wake magotini, amegeuzia kiti mlangoni. Tulikaa naye hivyo mpaka yule dada wa zamu akaja na sinia la chakula, akacheka kidogo, akamuuliza anakwenda wapi na koti lote hilo. Mzee akamtazama, kisha akanigeukia mimi, anangoja nimweleze.